Anza Shingoni: Kulipima Joho la Ibada Bonde la Kilombero

Fundi anayejiamini hashtuki mteja anapoligeuza joho ndani nje. Kwenye vibaraza vya cherehani vya Ifakara, ambako joho la kwaya hungoja zamu yake kati ya sare za shule na madera, wateja wengi hukimbilia kifua: kinara cha taa, nyota, neno la Kiebrania linalometa kwa uzi wa dhahabu. Mjuzi huanza shingoni.

Sababu yake imo katika Kutoka sura ya 28, ambayo fundi akiisoma huiona ni oda ya kazi. Joho la naivera la kuhani mkuu lilikuwa la samawi tupu, na maagizo yanataka tundu la kichwa lizungushiwe utepe uliofumwa ili lisipasuke. Hata leo joho la kwaya huanza kuchanika hapohapo, maana huvaliwa kwa haraka na kuvuliwa likiwa limelowa jasho. Ingiza vidole viwili chini ya utepe, vuta kidogo. Uzi ukilia, hata kifua kikiwa na makerubi kumi, rudisha joho kwenye kamba.

Kisha kitambaa. Ifakara ina akina mama wafumaji wa pamba, na kitambaa kilichofumwa kwa mkono kina fadhila ambayo satini haina: sindano hupata pa kujificha kati ya mtande na mshindio, darizi ikakaa bila kukunja nguo. Satini huteleza, ikaacha mikunjo kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Wapo wanaoikataa tetroni wakidai Torati imekataza kuchanganya nyuzi. Kumbukumbu la Torati 22:11 linataja sufu na kitani, basi; tena kwa mapokeo ya Kiyahudi mavazi ya kuhani yenyewe yalizichanganya hizo mbili. Asiyeipenda tetroni atafute sababu nyingine. Joto la Kilombero linatosha.

Rangi ndiyo huwaangusha wengi. Agizo linarudia zilezile: dhahabu, samawi, zambarau, nyekundu, na weupe wa kitani. Samawi, tekhelet kwa Kiebrania, ilikuwa ya sufu iliyotiwa rangi ya konokono wa Bahari ya Mediterania. Maji yake yakipigwa na jua huelekea buluu ya nili. Zambarau nayo ilitoka kwa konokono, na nyekundu kwa mdudu mdogo wa mwaloni. Kuhusu samawi ilikuwa nzito kiasi gani, mabingwa wenyewe wa Torati hawakuafikiana: Maimonides alitaja anga safi wakati wa jua, Rashi akaleta maelezo ya anga linaloingia giza la jioni. Fundi ana uhuru hapo. Asichokuwa na uhuru nacho ni kuziacha rangi zimezane. Rudi nyuma hatua kumi, simama kivulini: kama samawi na zambarau zimekuwa kitu kimoja, nyuzi zilichaguliwa dukani chini ya taa, bila kutolewa nje.

Kuhusu dhahabu, Kutoka 39 inasema ilifuliwa iwe mabamba membamba, ikakatwa nyuzi, ikafumwa pamoja na nyuzi nyingine. Uzi wa dhahabu wa madukani ni plastiki iliyopakwa mng'ao. Uparuze kwa ukucha. Ukimenyeka, pasi ya mkaa itaumaliza Jumapili ya kwanza.

Kifuko cha kifuani kilikuwa shibiri kwa shibiri, kimekunjwa mara mbili, kina mawe kumi na mawili katika safu nne. Wanaokiiga kwenye majoho hushona vifungo, nao hukosea kwa kutumia rangi mbili tatu tu, ilhali kila jiwe lilikuwa na jina lake na kabila lake. Jiwe la kwanza liliitwa odem, jina lenye mzizi mmoja na wekundu. Inachekesha kidogo: ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye milima ya Mahenge, mwaka 2007 yalichimbuliwa mapande makubwa ya spineli yenye wekundu wa waridi, jiwe ambalo kwa karne nyingi watu walilidhania yakuti. Yakasafiri hadi masoko ya vito ya ng'ambo. Joho la kwaya limebaki na kifungo cha plastiki.

Alama zihesabiwe. Kinara cha hema ya kukutania kina taa saba, matawi matatu kila upande; chenye tisa ni cha sikukuu ya Hanuka. Nyota ya pembe sita haimo katika Torati, kwa hiyo anayeiuza kama agizo la Musa anauza maneno. Herufi ni hatari zaidi. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na baadhi ya programu za kudarizi hulipindua neno likasomeka kinyumenyume. Tazama herufi He: mguu wake wa kushoto haugusi paa. Uzi mnene ukiziba pengo hilo, herufi imekuwa Het na Jina la Mungu limeharibika. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, hufuma kofia za ibada ziitwazo kippah kwa sindano ya kroshia. Kazi ya namna hiyo nayo yafaa kupimwa kwa macho yaleyale, tundu kwa tundu.

Mwisho pindo, mahali fundi bahili anapookoa kitambaa. Kuhani aliwekewa huko makomamanga ya nyuzi za rangi na njuga za dhahabu, zikipishana. Komamanga lina taji juu. Lisipokuwa nalo, fundi ameshona nyanya. Njuga mabingwa wa bondeni wanazijua tangu kwenye ngoma, miguuni mwa wachezaji, nao hawahitaji kufundishwa sauti yake. Mwombe mwanakwaya alivae joho, atembee hadi barazani na kurudi: njuga zilie kila hatua, na pindo lisiguse tope.