Tela Tipa la Tani Moja na Nusu: Trekta Dogo Limepata Mwenzake!

Jamani, linabinuka! Dereva kasukuma wenzo mmoja tu, jeki ikapanda, mlango wa nyuma ukaachia, na mchanga wote ukawa chini kabla kibarua hajashika beleshi. Uwanja wa Nane Nane hapa Morogoro umejaa mashine za kila aina, lakini mimi nimeganda kwenye tela hili la ekseli moja, lililofungwa nyuma ya trekta la nguvu za farasi 28. Mwenye trekta dogo akishanunua plau, kinachofuata ni hiki!

Plau ina msimu wake. Tela lina kazi mwaka mzima: samadi kabla ya mvua, mbolea wakati wa kupanda, mahindi wakati wa mavuno, tofali na kokoto kiangazi chote. Na kinachomaliza siku mara nyingi si safari, ni kupakua. Hili linamwaga, linageuka, linarudi kupakia!

Tazama bodi: urefu mita 2, upana mita 1.25, kina sentimita 40. Hiyo ni mita moja ya ujazo kamili, na hesabu yake inanifurahisha mno. Mchanga mkavu wa ujazo huo una kilo kama 1,600. Ukilowa unakaribia tani 2. Kwa hiyo mchanga usifike ukingoni. Samadi kavu ni nyepesi zaidi: jaza pomoni, hata uongeze mbao pembeni.

Ekseli nayo imekaa pazuri, nyuma kidogo ya katikati. Sehemu ya mzigo inakandamiza magurudumu ya nyuma ya trekta, na hapo ndipo trekta dogo linapopata nguvu ya kukanyaga tope bila kuteleza. Bodi likibinuka uzito unahamia nyuma, mkono wa tela unataka kuruka juu, lakini pini hapa ina kufuli imara. Likague hilo kabla hujaitazama rangi! Na tela lifungwe chini, kwenye sehemu ya kuvutia ya trekta. Ukivutia kutoka juu, trekta linaweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva.

Jeki ni ya njia moja: oili inanyanyua bodi, halafu bodi linashuka kwa uzito wake. Mpira mmoja, tundu moja la haidroliki, basi! Muulize muuzaji jeki inameza lita ngapi. Matrekta mengi madogo huitoa oili hiyo kwenye giaboksi, nayo isipungukiwe jeki ikiwa juu.

Sasa breki, na hapa nimepiga makofi. Trekta la kimo hiki lina uzito wa tani moja na ushei, ilhali tela likijaa linakaribia tani 2. Kwenye barabara za kushuka Uluguru, mzigo ndio unaolisukuma trekta. Tela hili lina breki zake lenyewe! Ndiyo maana nasema: usichague tela kwa uzito ambao trekta lako linaweza kuuvuta, chagua kwa uzito linaloweza kuusimamisha. Ukiwa barabarani, unganisha pedali mbili za breki zikanyagike pamoja, na ingiza gia nzito kabla ya mteremko, si katikati yake.

Kubinua kwenyewe kuna adabu yake. Simama mahali tambarare, maana kwenye mwinamo bodi lililoinuka huanguka ubavu. Tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Na mtu asiingie chini ya bodi mpaka mwega wa chuma umewekwa, hata kama ni kupaka grisi tu.

Utashawishiwa uchukue la tani 3, kwa hoja kwamba litakufaa zaidi. Kwa trekta la farasi 25 hadi 35, kataa! Tani moja na nusu inayomwagwa papo hapo na kurudi salama itahamisha mzigo mwingi kwa siku, na trekta lako litadumu. Nenda kalione. Mwambie fundi alijaze na alibinue mbele ya macho yako, kisha akuonyeshe breki. Likifaulu hayo mawili, lipia!