Nani Alitangulia Kusema? Sadfa na Dai la Undugu katika Tawasifu ya Hamed bin Muhammed

Uhakiki wetu umezoea kuihukumu sadfa kuwa kosa la fundi. Ndugu waliopoteana wakikutana bandarini, au mgeni akigundua kwamba mwenyeji wake ni mjomba wake, mhakiki huandika kwamba msuko umelegea na kwamba mwandishi amekimbilia bahati pale aliposhindwa kujenga sababu. Kigezo kinachotumika ni uwezekano: je, jambo kama hili linaweza kutokea? Makala haya yanahoji ufaafu wa kigezo hicho katika masimulizi ya kutafuta nasaba. Katika masimulizi ya aina hiyo, sadfa ambazo hazikuelekea kuwezekana zimekwisha kutokea mara nyingi mno kwa watu halisi, na kwa hiyo uwezekano hautufikishi mbali. Swali lenye tija zaidi linahusu mpangilio wa usemaji. Habari inayothibitisha undugu ilitamkwa kwanza na nani? Aliyeisikia alikuwa na haja gani nayo?

Swali hilo sikulipata maktabani. Nilikwenda Sola, mkoani Simiyu, kuutafuta ukoo wa bibi yangu mzaa mama, nikiwa na jina moja la mwanamume na karatasi ya ubatizo iliyotaja Maswa. Anayefuatilia nasaba katika eneo hilo hupambana kwanza na mipaka inayohama. Hati za wakati wa Waingereza huzungumzia Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa. Hati za baadaye huzungumzia Mkoa wa Shinyanga. Na tangu mwaka 2012 upo Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi. Mahame ya mtu yamebaki palepale, yamezungukwa na minyaa ileile, lakini jalada lake limehamishwa mara mbili. Siku ya pili gari la abiria nililolingojea halikuja. Niliketi kivulini mwa duka pamoja na mzee aliyekuwa akilingojea gari hilohilo. Tukasalimiana, na salamu ya Kisukuma haiishii kwenye hali ya mtu: aliniuliza mimi ni wa nani. Nusu saa baadaye nilikuwa mjukuu wake. Bibi yangu, alisema, alikuwa dada yake wa baba mmoja, aliyeolewa mbali wakati yeye bado anachunga ndama. Niliandika kila neno daftarini, na mkono ulikuwa ukitetemeka.

Usiku, nilipolisoma daftari upya, nilikumbuka ukurasa mmoja wa tawasifu ambayo nimekuwa nikiifundisha kwa miaka kadhaa. Makala haya yametokana na aibu ndogo niliyoipata usiku ule.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, akiwa mzee wa Unguja. Heinrich Brode aliyahamishia katika hati za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, baadaye W. H. Whiteley aliyatolea tafsiri ya Kiingereza. Matini hii husomwa zaidi kama chanzo cha historia ya pembe za ndovu na utumwa, na wanaisimu huichota kwa ajili ya sintaksia yake. Kama kazi ya usimulizi, haijapewa haki yake. Inaanza na kijana wa miaka 12 anayeingia katika biashara ya sandarusi. Haianzi na orodha ya mababu, ingawa mwandishi alikuwa na mababu wa kujivunia. Katika kitabu hiki nasaba haitangazwi mapema ili kumtambulisha msimulizi. Huletwa inapohitajika, kama bidhaa inayofunguliwa pale tu soko linapopatikana.

Soko hilo lilipatikana Utetela, mashariki ya Kongo ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa mzee. Hamed anasimulia jinsi alivyopata habari za nyumba hiyo: kwamba katika vita vya zamani wanawake wa ukoo wa mtawala walitekwa na kupelekwa mbali, na hawakurudi. Kisha, mbele ya Watetela, anatamka kwamba mmoja wa wanawake hao ndiye bibi yake. Alichukuliwa, akaingia katika nyumba ya Mwarabu, akazaa, na kizazi chake ndicho hiki kilichosimama mbele yao na bunduki. Kasongo Rushie alimpokea kama mjukuu aliyepotea, akamwachia utawala, na pembe zikaanza kuletwa kwa mtawala mpya.

Wengi waliolisoma tukio hili wameliita hila, na sina nia ya kuwapinga. Ninachotaka kukionesha ni kwamba hukumu yao imetolewa na matini yenyewe, kupitia mpangilio wake. Msimulizi angeweza kuandika kwamba alifika Utetela akiwa tayari na hadithi ya bibi yake, aliyoipokea utotoni kutoka kwa wazee wake. Msomaji wa Berlin asingekuwa na njia ya kumkanusha. Badala yake, ametuwekea kusikia kwanza na kudai baadaye. Hakiri kwamba alidanganya, wala haapi kwamba alisema kweli. Amepanga matukio mawili kwa mfuatano na kuendelea na safari. Ninaona hapa fahari ya mfanyabiashara mzee anayeonesha jinsi bei ilivyopatikana, naye anajua kwamba mnunuzi hawezi tena kurudisha mali.

Hivyo tukio moja lina hadhira mbili ambazo hazikupewa hadithi moja. Watetela walisikia dai bila kusikia jinsi lilivyopatikana. Sisi tumepewa yote mawili. Kwao ilikuwa sadfa ya kustaajabisha: damu iliyotekwa imerudi kwa miguu yake. Kwetu sadfa hiyo imekwisha kuvunjwa kabla haijatokea. Mhakiki anayeuliza tu kama tukio linawezekana atapita hapa bila kuliona hilo, maana dai liliwezekana kabisa. Wanawake walitekwa kweli katika vita vya bara. Masuria walizaa kweli katika nyumba za pwani, na majina ya kwao yakafutika. Uongo, kama ni uongo, ulisimama juu ya msingi wa mambo ya kweli ya maelfu ya watu.

Wala sikubaliani na wanaomsoma Kasongo Rushie kama mzee aliyelaghaiwa kirahisi. Matini haitupi mawazo yake, kwa hiyo ninachosema ni usomaji tu. Lakini mtawala aliyeona misafara yenye silaha ikikaribia alikuwa na sababu zake za kumtaka mjukuu mwenye bunduki. Dai la undugu hukamilika linapopokelewa, na anayelipokea naye ana hesabu zake. Nyumba ya Hamed ilikuwa na uzoefu wa jambo hili kwa njia ya wazi zaidi: baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ukwe ukafungua njia ya biashara. Njia za misafara zilikuwa pia na utani, kama ule wa Wazaramo na watu wa Unyamwezi na Usukuma, ambao uliwapa wageni haki za ndugu bila mtu kulazimika kusema uongo juu ya damu. Utani haukumhitaji bibi aliyetekwa. Dai la Utetela lilimhitaji.

Ni bibi huyo anayenisumbua. Katika kisa chote yeye ndiye daraja, na hakuna anayemuuliza neno. Hana la kusema kuhusu kutekwa kwake, safari yake wala watoto wake, kama aliwahi kuwa nao. Hadithi inawezekana kwa sababu yeye hayupo kuikanusha. Kimya chake kilitengenezwa na biashara ileile iliyomtajirisha msimulizi, kisha kimya hicho kikageuzwa kuwa mtaji wa pili. Uhakiki unaoishia kusifu werevu wa Hamed, kama ninavyousikia kwa wanafunzi wangu kila mwaka wakicheka, unashiriki katika kicheko kilichogharimiwa na mwanamke huyu.

Tuweke pembeni yake riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea (2001). Tangu Nobeli ya 2021, na hasa tangu Ida Hadjivayanis alipotupatia Peponi mwaka 2022, wasomaji wa Kiswahili wamekuwa wakimdai Gurnah kama mtu wa nyumbani, na ni haki yao. Saleh Omar, mzee kutoka Zanzibar, anaingia Uingereza kuomba hifadhi kwa jina la marehemu Rajab Shaaban Mahmud, huku akijifanya hajui Kiingereza. Mfanyakazi anayemhudumia anatafuta mtu anayejua lugha yake, na anayepatikana ni Latif, mtoto wa Rajab Shaaban Mahmud yuleyule. Kwa kipimo cha uwezekano, hii ni sadfa nzito kuliko ya Utetela. Hata hivyo inabeba uzito wake, kwa sababu njia ya kuifikia imeoneshwa: ofisi inayoshughulikia wakimbizi ina haja ya mjuzi wa Kiswahili, wajuzi hao katika nchi ile ni wachache, na waliotoka mji mmoja wa mwambao ni wachache zaidi. Jina la kuazima lilikuwa linatembea kuelekea kwa mwenyewe.

La muhimu zaidi ni yanayofuata. Saleh na Latif wanaketi na kusimuliana habari za nyumba, deni na aibu za familia mbili, na kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake hakukijua. Hakuna anayeweza kuyatumia maneno ya mwenzake kujipatia kitu bila kutoa cha kwake. Latif anarekebishwa kuhusu wazazi wake na mtu aliyekuja kumchukia. Hapa kutangulia kusema ni hatari kwa msemaji, wakati Utetela hatari yote ilikuwa kwa wasikilizaji. Katika Desertion (2005) Gurnah anajaribu tena jambo la jirani: msimulizi Rashid anakutana katika mkutano wa kitaaluma na mjukuu wa Mwingereza aliyempenda Rehana. Mkutano huo hauniridhishi. Mjukuu huyo anafika na majibu ambayo riwaya ilikuwa inayahitaji, na anayatoa bila gharama.

Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) ningeiweka kando ya mjadala huu, ingawa imejaa migongano ya aina hii, tangu Kazimoto anapomkuta Manase, rafiki wa utotoni, katika kiti cha mkuu wa wilaya. Sadfa zake zinatumikia falsafa ya mwandishi kuhusu maisha yasiyo na mpango, na hakuna mhusika anayezitumia kama ushahidi wa lolote.

Narudi kwenye daftari. Nilichora mistari miwili, mmoja wa maneno yangu na mmoja wa maneno ya mzee, nikaanza kuyagawa kwa mfuatano. Jina la babu wa babu nililitaja mimi kwanza, yeye alilirudia. Kwamba bibi aliolewa upande wa ziwa, nilisema mimi, ndani ya swali. Dini na mwaka wa kukisia vilikuwa vyangu pia. Na kabla gari halijafika mzee alikuwa amenieleza, kwa upole, kuhusu shauri la shamba lililokuwa mbele ya baraza la kata, na jinsi upande wake ulivyopungukiwa na mtu wa kusema kwa niaba ya kizazi cha dada huyo. Niliahidi kurudi. Sidhani kwamba alikuwa na hila. Alikuwa na haja, kama mimi nilivyokuwa na haja ya kupata babu, na haja mbili zilizokutana kivulini zilijaziana mapengo.

Lilibaki jambo moja tu katika mstari wake lisilokuwa kwanza katika mstari wangu. Alisema kwamba dada yake alikuwa akisaga kwa mkono wa kushoto, na kwamba mama yao alikuwa akimkaripia kwa hilo. Sikuwahi kulisikia jambo hilo nyumbani. Nilimpigia mama mkubwa simu, nikajitahidi kuuliza kwa namna ambayo haitampa jibu: je, kulikuwa na jambo lolote la pekee katika kazi za mikono za bibi? Alikaa kimya kidogo. Akasema bibi hakuwa na la pekee. Mwenye mkono wa kushoto alikuwa mdogo wake, yule ambaye hawakupata kujua aliishia wapi.