Maiti Haulizwi Sanda

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, nami kwa miaka mingi niliyachukua maneno hayo kuwa hukumu iliyokwisha katwa juu ya ukimya wa wafu, hata nilipokutana na vijana wanaosomea ilmu ya kuchunguza vifo nikatambua kuwa, sanda ikiwekwa kando, maiti huulizwa mambo mengi mno, na hujibu kwa unyofu ambao walio hai hawanao.

Tuseme ni Naviundu, upande wa kaskazini mashariki ya Lubumbashi, katika mwezi wa sita au wa saba, wakati baridi ya nyanda hizi za juu inapowashangaza wageni waliodhani Kongo yote ni joto na mvua. Usiku watu wa nyumba huingiza ndani jiko la makaa, ambalo huku huitwa mbabula, wakafunga dirisha, wakaziba kwa kitambaa hata ufa wa chini ya mlango, wakalala. Asubuhi jirani hubisha hodi, pasiwe na wa kumwitikia. Hapo ulimi wa mtaa humtangulia tabibu: huyu ataja sumu, yule amkumbuka shangazi kikongwe aliyepita jana jioni kuomba chumvi, na kabla ya adhuhuri mama huyo amekwisha kuwa mchawi, pasi na kadhi wala ithibati.

Basi na aje mwenye ilmu yake. Hapazi sauti, wala hamlaumu mtu. Humgeuza marehemu taratibu, akamtazama mgongoni, maana damu isiyosukumwa tena na moyo hushuka kwa uzito wake na kutuama upande wa chini. Huibonyeza ngozi kwa kidole gumba, aone kama rangi yakimbia au imekwisha kukaa, na kwa hilo hukisia saa zilizopita, akijua kuwa makisio si yakini. Kisha, kwa kuwa ngozi nyeusi husitiri rangi, hutazama kucha, na ndani ya midomo, na ufizi. Na mahali alipotazamia zambarau iliyofifia akakuta wekundu mbichi wa waridi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekwisha kupiga kelele kwamba ni moshi wa makaa. Fundi hunyamaza, kwani baridi yenyewe huweza kuipaka maiti rangi hiyo hiyo. Huchukua damu, akaipeleka maabara kupimwa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishika damu kwa nguvu ipatayo mara 200 kupita oksijeni. Jibu likirudi, shangazi atakwenda zake na chumvi yake. Naona uzuri wa kazi hii umo katika kule kunyamaza, kati ya kuona na kusema, kuliko katika vyombo vyake vyote.

Njia ya kuifikia ni ndefu: miaka ya utabibu kwanza, kisha kujifunza mifupa, sumu, majeraha, na namna ya kusimama mbele ya mahakama bila kuongeza neno.

Na ikiwa yupo atakayeuliza faida yake, mji huu una jibu zito. Tarehe 17 Januari 1961, ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliteremshwa katika uwanja wa ndege wa Luano, na usiku huo huo wakapigwa risasi porini Shilatembo. Februari serikali ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ilitangaza kuwa walitoroka wakauawa na wanakijiji; lakini kabla ya hapo maiti zao zilikuwa zimekwisha kufukuliwa, zikakatwa vipande, zikayeyushwa kwa asidi ya sulfuriki, kazi iliyosimamiwa na afisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete. Sijapata kusikia sifa kubwa kuliko hiyo iliyotolewa kwa ilmu hii, tena na maadui zake: waliowapiga risasi watu hao bado waliwaogopa wasiulizwe.

Ila Soete alijiwekea jino la Lumumba lenye dhahabu. Mamlaka ya sheria ya Ubelgiji ililitwaa mwaka 2016 kutoka kwa jamaa wa Soete, na tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, wana wa Lumumba wakakabidhiwa. Mtu angedhani hapo ndipo ilmu ingeonyesha ustadi wake wote. Lakini jino halikupimwa, maana kipimo cha DNA kingeliharibu, na ndilo pekee lililosalia la kuzikwa. Likatiwa katika jeneza la kimo cha mtu mzima, likapitishwa Shilatembo, kisha Kinshasa, ambako lilizikwa tarehe 30 Juni.