Istilahi "Kilima cha Majivu": Yafaa Kusanifiwa?

Baadhi ya wafasiri wa vitabu vya jiografia hutumia istilahi "kilima cha majivu" kwa kila kilima kidogo cha volkano chenye kasoko kileleni. Istilahi hiyo yatamkika kwa urahisi, lakini yapotosha.

Majivu ya volkano ni chembe zisizozidi milimita 2. Vilima tunavyovizungumzia havikujengwa hasa kwa chembe hizo, bali kwa vipande vya lava vilivyojaa gesi, vikarushwa angani, vikapoa na kuanguka kuzunguka tundu: mawe mepesi, meusi au mekundu, yenye vitundu vitundu.

Hili si suala la maneno matupu. Tutazame Milima ya Chyulu nchini Kenya, yenye mamia ya vilima vya namna hiyo. Mvua inyeshapo huko haitiririki, huzama. Ndiyo sababu Chyulu haina mito ya kudumu, na maji yake huibuka mbali, katika chemchemi za Mzima, ambazo huupatia mji wa Mombasa sehemu ya maji yake. Ndiyo sababu pia Chaimu, kilima kichanga katika Tsavo Magharibi, kingali rundo la mawe meusi. Mmomonyoko huanza kwa kuchelewa: mawe huoza yakawa udongo, udongo huzuia maji, na hapo ndipo makorongo huchimbika, ukingo wa kasoko hubomoka na kilima hupungua kimo. Mwanafunzi aliyefundishwa "majivu" atatazamia kinyume, kwamba kilima kichanga kitachukuliwa na mvua ya kwanza.

Je, lugha yetu haina neno? Wahunzi walikwisha kutupa. Takataka iliyoyeyuka ikatengana na chuma, nayo ni nyeusi na yenye vitundu, huitwa mavi ya chuma. Kwa mfano huo twapendekeza "mavi ya volkano", na "kilima cha mavi ya volkano".

Wako watakaosema kuwa neno hilo halistahili darasani. Tuwakumbushe kwamba istilahi ya kimataifa, skoria, ilitoka katika Kigiriki, na asili yake ni neno lenye maana ya kinyesi. Wataalamu wa ng'ambo hawakuona haya; kwa nini sisi tulionee haya neno la wahunzi wetu? Majivu na yabaki jina la majivu.