Ukwapi Bila Utao: Siku Moja Mtaani La Boca

Mshororo wa shairi una vipande viwili, ukwapi na utao, na mwenye kusoma kipande cha kwanza pekee hana haki ya kulitolea shairi hukumu. Kanuni hiyo yamfaa pia msafiri anayefika La Boca, mtaa wa bandari ya kale mjini Buenos Aires, Argentina. Wageni wengi hushushwa hapo asubuhi, wakapiga picha, wakanunua vikumbusho, na adhuhuri haijaingia wamekwisha kuondoka. Wenye kusifu hunena kuwa mtaa huo hauna mfano. Wenye kukashifu hunena kuwa ni pambo la kuwanasa watalii. Makundi yote mawili yamesoma ukwapi tu.

Ukwapi wenyewe wapendeza, hilo halikanushiki. Caminito ni kichochoro cha mita zipatazo 150, chenye kupinda kama reli, kwa kuwa zamani treni zilipita hapo. Zilipokoma kupita, pakageuka jaa. Katika miaka ya 1950 wakaazi, pamoja na mchoraji Benito Quinquela Martín, walipasafisha na kupatia rangi, na mwaka 1959 pakafanywa makumbusho ya wazi. Kuta za mabati ya migongo zina samawati, manjano, nyekundu na kijani. Wachoraji hupanga kazi zao njiani, na mbele ya mikahawa watu wawili wawili hucheza tango.

Jina la kichochoro nalo latokana na utungo. "Caminito", yaani njia ndogo, ni tango ya mwaka 1926. Muziki ni wa Juan de Dios Filiberto, mwana wa La Boca. Maneno ni ya mshairi Gabino Coria Peñaloza, na njia aliyoikusudia iko Olta, katika jimbo la La Rioja, mbali kabisa na bandari. Mhakiki mwenye pupa ataona hapo udanganyifu. Lakini mshairi hashangai: maneno mema huhama, na mahali papya huyapokea kama mji upokeavyo mgeni. Kasoro ya Caminito haimo katika kuazima jina. Imo katika kurudia: mchezo ule ule, mkao ule ule wa picha, saa baada ya saa, kama kiitikio kinachoimbwa na watu waliokwisha kusahau beti.

Beti zipo, na huanza kwa dhiki. Katika karne ya 19 wahamiaji, wengi wao kutoka Genoa, Italia, walijenga hapo nyumba za mbao na mabati. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, ua na bomba vikiwa vya shirika. Yasimuliwa kuwa rangi za kuta zilikuwa mabaki ya rangi za meli. Kopo moja halikutosha nyumba nzima, basi ukuta wa pili ukapata rangi nyingine. Anayeziona rangi hizo leo kuwa ni furaha tupu ameshika vina akaacha maana.

Mwenye kubaki hadi mchana na afike ukingoni mwa mto Riachuelo, kwenye makumbusho ya Quinquela. Alizaliwa mwaka 1890, akaachwa angali mchanga katika nyumba ya mayatima, akalelewa na wauza makaa, naye akabeba magunia ya makaa bandarini kabla ya kujulikana kwa brashi. Alipopata fedha alitoa ardhi. Shule ikafunguliwa hapo mwaka 1936, picha zake zikiwa ukutani mwa madarasa. Baadaye michango yake ilileta pia kituo cha maziwa ya watoto, hospitali ya meno, na ukumbi wa tamthilia uliofunguliwa mwaka 1971.

Picha zake zaweza kulaumiwa. Meli, moshi na mwako wa tanuri hurudi mno, na rangi nzito mara nyingine hufunika udhaifu wa mchoro. Hata hivyo, katika picha hizo mara nyingi yumo mchukuzi, mgongo umeinama chini ya mzigo. Katika kadi zinazouzwa Caminito rangi zile zile zimebaki, na mchukuzi ameondolewa. Hapo ndipo ukwapi ulipokatwa na utao wake.

Jioni utao husikika kwa sauti ya wenyewe. Kundi la tamthilia la Catalinas Sur lilianzishwa mwaka 1983, udikteta wa kijeshi ulipokuwa ukingoni, na waigizaji wake ni majirani wa mtaani. Mchezo wao "Venimos de muy lejos", yaani "Tumetoka mbali sana", ulioanza kuonyeshwa mwaka 1990, wasimulia wahamiaji wa nyumba hizo hizo za vyumba vya kupanga. Hawa hawasimami kwa ajili ya picha. Hueleza walikotoka wazee wao na gharama waliyoilipa.

Nje ya ukumbi, maisha hayajawa makumbusho. Mbao kuukuu hushika moto upesi, na nyumba za aina hiyo zimepata kuungua na watu ndani. Uchafu wa Riachuelo ulifika hadi Mahakama Kuu ya Argentina, ambayo mwaka 2008 iliamuru bonde la mto lisafishwe. Sifa yoyote ya mtaa isiyotaja mambo haya ni sifa pungufu, na kashfa yoyote isiyotaja shule na tamthilia ni kashfa ya mvivu.

Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe nayo hupigwa picha kutwa, na wapigao picha ni nadra kuuliza nani analala nyuma yake.