Mpishi na Maji ya Boga

Mvua za vuli zikishakaza uzi Bukoba, kati ya Oktoba na Novemba, kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, huwa kizuri kukitazama na kigumu kukila. Maharage yaliyopandwa Septemba ndiyo kwanza yanatoa maua. Mahindi hayajabeba. Ndizi zipo, maana Kagera ndizi haziishi, lakini ndizi hudai kitu cha kukaa pembeni yake, na gunia la maharage ya masika limeshalegea. Hapo ndipo maboga yaliyovunwa Juni na Julai yanapoteremshwa kutoka uchagani, mahali moshi wa jiko unapopita, moja leo na jingine keshokutwa. Vikonyo vimekauka, ngozi imekomaa kiasi cha kukataa kisu, na ndani nyama imefikia utamu ambao siku ya mavuno haikuwa nao.

Nataka kumsifu mtu anayejua kulipika boga hilo. Hasifiwi vya kutosha. Wengi wetu tulilishwa boga baya: limechemshwa likazama ndani ya maji, likaja mezani rojorojo, na tukahitimisha kwamba boga ni chakula cha watoto, cha wagonjwa au cha siku ya dhiki. Hukumu hiyo si ya haki. Lililoharibika ni pishi, na boga likabebeshwa lawama.

Ndizi humsamehe mpishi. Maji yakizidi, zitayanyonya. Yakipungua, utaongeza kikombe na hakuna atakayejua. Boga halina msamaha huo. Karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji, na mpishi anapolibandika jikoni, tayari amebandika na maji yake. Kila hatua ya kazi, kuanzia sokoni hadi kwenye sahani, ni namna ya kuyatawala maji hayo: uyatoe, uyazuie yasiongezeke, au uyape kazi ya kufanya. Chumvi, sukari, samli na karanga huja baadaye. Anayeanza na viungo kabla ya kumaliza shauri la maji hupoteza viungo vyake bure.

Kazi huanzia kwenye kuchagua. Ukitoka Bukoba kwenda Muleba, pale Muhutwe ambapo njia ya Kamachumu inachepuka, kina mama hupanga kando ya barabara ndizi, parachichi na, msimu ukifika, maboga. Nilimwamkia mmoja wao nikamwambia nataka boga tamu.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Tamu la kula hivihivi, au la kuweka kwenye maharage?"

Swali hilo moja lina elimu nzima ndani yake. Boga likitoka shambani limejaa wanga; ukilipika ni kavu, la unga, linavunjika kama kiini cha yai la kuchemsha. Likikaa wiki kadhaa mahali pakavu, sehemu ya wanga huo hugeuka sukari. Likikaa kupita kiasi, unga huisha, nyuzi hukaza na maji hutawala. Kwa hiyo boga lilelile ni la chumvi leo, ni la sukari miezi michache ijayo, na baadaye halifai kitu isipokuwa mbegu zake. Mama yule aliligonga moja kwa kifundo cha kidole akasikiliza, akalikwaruza kwa ukucha, kisha akaligeuza kuangalia lile baka lililolala juu ya udongo. Ukucha haukuacha alama, na baka lilikuwa la manjano iliyokolea; baka jeupe maana yake lilikatwa changa. Kikonyo kilikuwepo kizima. "Lisilo na kikonyo usibebe," aliniambia, "linaanza kuoza pale pale." Ni kweli. Jeraha la kikonyo ndilo mlango wa ukungu, na hakuna moshi wa uchagani utakaoliponya.

Pishi lenyewe, kwa boga la kula hivihivi, ni la mvuke. Boga hupasuliwa mapande makubwa, kila pande na ganda lake. Nasisitiza ganda. Anayemenya kwanza amelivua boga kinga yake, na nyama itakunywa kila tone litakalogusa. Ndani hukombwa mbegu na zile nyuzi zake laini. Kisha unachukua jani la mgomba, unalibabua motoni mpaka rangi yake ing'ae na lisipasuke ukilikunja, unauondoa uti wake mgumu. Uti huo usiutupe: ukate vipande, uvipange chini ya sufuria kwa kupishana, umimine maji yasiyovuka kimo chake. Mapande ya boga hukaa juu ya uti, ganda likiwa chini na nyama juu, ili mvuke upite na maji yasifike. Funika kwa jani, pindia kingo zake ndani, weka juu yake jani la pili, kisha mfuniko. Moto uwe wa wastani. Vijiti vilivyopogolewa kwenye mibuni huwaka vizuri bila papara.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Boga likishaiva, ondoa maji yote yaliyobaki chini, funua jani la juu kidogo, rudisha sufuria kwenye makaa yasiyo na ndimi, na uliache mpaka uso wa nyama ukauke. Utaona mng'ao wa majimaji ukitoweka na rangi ya chungwa ikizidi kukolea. Harufu nayo hubadilika, kutoka ya mboga mbichi kuwa ya kitu kilichookwa. Hapo ndipo utamu unapokusanyika. Pande la boga lililokaushwa hivyo, na kikombe cha chai asubuhi ya mvua pale Kamachumu, halihitaji mtu wa kulipigia debe.

La maharage ni sayansi nyingine, kwa sababu hapo maji ya boga hayafukuzwi, yanatumikishwa. Maharage yachemshwe peke yake mpaka yalainike kabisa. Boga la unga, lililomenywa safari hii, ligawanywe mafungu mawili: fungu moja likatwe vipande vidogo sana, jingine vikubwa. Vidogo huingia kwanza pamoja na vitunguu. Vitayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito bila tone la unga. Vikubwa huingia mwishoni, robo saa tu kabla ya kuepua, vibaki vimesimama ili mlaji akutane navyo. Chumvi hufuata, kisha samli kijiko kimoja. Samli si pambo. Ile rangi ya chungwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri. Bibi zetu waliolikoleza boga samli au karanga walikuwa wakifanya jambo ambalo maabara ilikuja kulieleza baadaye.

Kwenye karanga ninao msimamo na sitauficha. Karanga zikaangwe, zitwangwe, zikorogwe na maji ya uvuguvugu, zichemke taratibu mpaka mafuta yaanze kuchungulia juu. Boga lipikwe kando kwa mvuke. Vikutane kwenye sahani. Ukivichemsha pamoja, boga litatoa maji yake ndani ya mchuzi, nao utalegea na kupoteza sauti. Nimekula vyote viwili kwa watu tofauti, na sioni ubishi.

Majani na maua nayo yana haki yao. Tunaambiwa ukipenda boga upende na ua lake, na wengi huishia kwenye usemi. Jikoni, ua linalochumwa ni la dume, lile linalosimama kwenye kijiti chembamba kisicho na kiboga chini yake. La jike ukilichuma umekula boga la Januari. Na machache ya dume yaachwe, nyuki wana kazi nayo. Uende asubuhi, kwa sababu likifika jua kali ua hujifumba. Majani yawe machanga ya nchani, na kila kikonyo kimenywe zile nyuzi za nje zinazokwaruza koo, kwa kuvunja ncha na kuvuta kwenda chini. Kisha nyanya chungu mbili tatu na karanga. Ni kazi ya vidole, ya polepole, na wapishi wengi wa mjini wameiacha kwa sababu hiyo tu.

Utamu wa sukari umetoka pwani. Boga la nazi, lililokolezwa hiliki na kuepuliwa tui la kasimile likiwa limeshika, ni chakula cha futari kuanzia Zanzibar hadi Mombasa, na Waislamu wa Bukoba wanalipika vizuri ingawa nazi inawafikia kutoka mbali. Sukari angalau ni ya nyumbani, inatengenezwa Missenyi, humuhumu Kagera. Mimi huiweka kidogo sana. Boga lililochaguliwa vizuri likikaushwa vizuri lina haki ya kusikika lenyewe, na pishi linaloanza na robo kilo ya sukari huwa linaficha kitu. Mara nyingi sitii sukari kabisa: natumia juisi ya ndizi mbivu, ile inayokamuliwa na kunywewa kabla haijachacha ikawa lubisi, pombe ya ndizi, naichemsha mpaka ibaki nusu, naimwagia boga juu pamoja na punje ya chumvi. Ina ukali mdogo kwa mbali unaoufanya utamu usichoshe.

Na Novemba ina zawadi yake. Senene wakishuka, wakanyonyolewa mabawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu, kiweke kipande cha boga kavu kando yao. Boga ni laini na tamu, senene ni wakavu, wenye chumvi na mafuta. Sijaona vitu viwili vinavyohitajiana zaidi katika mkoa huu, na nashangaa kwamba hotelini hukuti sahani hiyo.

Hakuna anayeweza kudai kwamba boga ni la kale kuliko sisi. Jamaa yake aliyetangulia hapa ni kibuyu, mmea wa Afrika, ambao Wahaya wameunywea lubisi tangu enzi. Boga lenyewe, pamoja na maharage, lilivuka bahari kutoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492. Migomba nayo asili yake ni Asia. Kibanja cha Mhaya, chenye migomba, mibuni, maharage na maboga yanayotambaa chini kwenye samadi na nyasi zilizoletwa kutoka rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, kimekusanya mabara matatu na kuyafanya wenyeji. Kilichozaliwa hapa ni akili ya kuyapanga, shambani na sufuriani.

Akili hiyo ina thamani kuliko tunavyoipima. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa wilayani Muleba, mara ya kwanza nchini Tanzania, na wenye vibanja walilazimika kung'oa na kuzika mashina waliyorithi. Boga haliwezi kuziba pengo la mgomba, na sitasema liliziba. Lakini jiko linalojua chakula kimoja tu hutetemeka chakula hicho kikiugua, na jiko lenye ujuzi wa vitu vingi vidogo lina pa kushika. Ujuzi wa boga ni mmoja wa vitu hivyo, na uko mikononi mwa wanawake wenye umri mkubwa ambao hakuna aliyewauliza.

Kwa msomaji uliye ughaibuni, London au Minneapolis, Oktoba maboga yatakuwa yamerundikwa mlangoni mwa kila duka. Yale makubwa ya kuchongwa sura yaache. Yana maji na nyuzi, yamezalishwa kwa ajili ya kutazamwa. Tafuta butternut, ambalo ni la spishi moja na maboga yetu mengi, au kabocha, lililo kavu na la unga, karibu zaidi na lile la uchagani. Huna jani la mgomba, lakini una joko: pasua, acha ganda, oka mapande yakiwa wazi mpaka uso ukauke. Kanuni ya maji haibadiliki kwa kuvuka bahari.

Wewe uliye nyumbani, ukipata boga lililokufaa, usikaange mbegu zote. Tenga zile zilizojaa, zioshe utelezi, zianike kivulini, uzihifadhi kwenye majivu makavu. Na kabla ya hapo muulize mama aliyekuuzia lilitoka shamba gani na jirani yake alipanda nini, kwa kuwa nyuki huchanganya, na mtoto wa boga tamu anaweza kurithi maji ya boga la pili. Mvua za masika Kagera huanza Machi. Mbegu ziwe tayari kabla ya hapo.