Kushuka Mombasa ni Rahisi, Hesabu Iko Kurudi

Anayetaka kujua kama gari la umeme linaiweza safari ndefu hapa kwetu asiulize kama litafika Mombasa. Litafika. Aulize litarudi Nairobi vipi. Barabara ni ile ile ya kilomita 480 na kitu, gari lile lile, abiria wale wale, lakini kupanda kutoka baharini kunakula umeme kuliko kushuka, na tofauti yake inapita nusu ya betri ya gari ambalo Wakenya wengi hulinunua. Wanaosimulia safari hizi husimulia ya kwenda. Ya kurudi huachwa, nayo ndiyo yenye mafunzo.

Gari la kupigia hesabu ni Nissan Leaf ya betri ya 40, kwa sababu ndilo linaloshuka bandarini kutoka Japani likiwa na usukani upande wetu na bei inayofikirika. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya 24, baadaye ikaja ya 30, kisha ya 40 mwaka 2017 na ya 62 mwaka 2019. Namba hizo ni uniti, hizi hizi unazonunua kwa tokeni. Lililotumika miaka kadhaa halitoi 40. Tuseme linatoa 33. Weka watu wanne na mizigo yao, uzito wote ni kama kilo 1,850.

Kwenye barabara tambarare gari hilo linapigana na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni tairi kusuguana na lami, ambacho hakibadiliki sana upende mwendo gani. Cha pili ni hewa, na hewa haina huruma: ukiongeza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, mkinzano wake unakaribia kuwa maradufu. Ukijumlisha na hasara za mota na kiyoyozi, Leaf yetu kwa mwendo wa 80 inakula kama uniti 13 kila kilomita 100. Kwa 110 inakula 18. Kwa safari nzima hiyo ni 62 dhidi ya 87, yaani uniti 25 zimepotea kwa uzito wa mguu wa dereva peke yake. (Wa Nairobi wana bahati kidogo: kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Bahati hiyo inakwisha unavyoteremka.)

Je, kukimbia kunalipa? Hapo jibu linategemea chaja, wala si gari. Kule Norwei, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, Bjørn Nyland amejulikana kwa kuyapima magari kwa kuyaendesha kilomita 1,000 na kuandika muda wote uliotumika, kusimama kukiwemo. Namna yake inashangaza wageni. Haendi polepole na hajazi betri. Anaendesha kwa mwendo wote unaoruhusiwa, anaingia kwenye chaja betri ikiwa karibu na asilimia 10, anachomoa ikifika 50 au 60, anaondoka. Sababu ni kwamba betri hupokea umeme kwa kasi ikiwa tupu, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyokataa. Hyundai Ioniq 5, ikipewa chaja yenye nguvu ya kutosha, hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Kwa gari kama hilo, uniti za ziada ulizochoma kwa kukimbia unazirudisha kwa dakika chache, na safari inakuwa fupi kweli.

Lete namna hiyo kwenye barabara ya Mombasa uone. Zile uniti 25 za ziada, kwa chaja ya kilowati 50 ambayo Leaf huivuta kwa 40 hivi, ni karibu dakika 40. Kwa soketi ya ukutani ya pini tatu ni zaidi ya saa tisa za kungoja. Na ulichookoa barabarani? Kwenye karatasi ni kama saa moja na nusu, lakini karatasi haijawahi kukaa nyuma ya foleni ya malori kati ya Salama na Sultan Hamud. Kwa hiyo sheria yetu ni kinyume cha ya Norwei: mahali ambapo chaja ni adimu na za taratibu, mwendo wa kwenda nao ni ule ule wa malori, 80, kwa umbali salama nyuma yao.

Sasa mwinuko. Kunyanyua kilo 1,850 kwa mita 1,650 kunahitaji uniti 8 na kidogo, na kwa kuwa mota haifanyi kazi bila hasara, betri inatoa zaidi ya 9. Ukishuka unasamehewa kiasi hicho hicho. Wengi hudhani msamaha huo unakuja kwa breki zinazorudisha umeme, gari likiteremka na mota ikigeuka jenereta. Si hivyo, angalau si kwa njia hii. Mteremko wa Nairobi hadi Mombasa umetandazwa mno: ukiugawa kwa kilomita zote, unashuka mita tatu na nusu hivi kwa kila kilomita. Uzito wa gari kwenye mteremko kama huo unalipa kama theluthi moja tu ya msuguano wa tairi. Mota haipumziki, inapunguziwa mzigo. Na hiyo ni afadhali, kwa sababu umeme ambao haukutoka kwenye betri haupotei njiani, ilhali unaorudishwa kwa breki unatozwa hasara wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka.

Miteremko mikali ni habari nyingine. Kitonga kule Iringa, au kushuka Mai Mahiu, gari linarudisha umeme kwelikweli, isipokuwa kama dereva alijaza betri hadi asilimia 100 huko juu. Betri iliyojaa haina pa kuuweka, kwa hiyo ule uzito uliozoea kuusikia ukiachia kanyagio haupo, na breki za kawaida zinabaki peke yake. Anayelala mlimani aache nafasi kidogo.

Turudi njiani. Kushuka ni kama uniti 53, kupanda ni 72. Tofauti ni 19, kwenye betri inayotoa 33.

Ya kwenda inakwenda hivi. Unatoka Nairobi umejaa, unapita Emali na Makindu, unafika Mtito Andei, kilomita 235 hivi, umetumia 25. Zimebaki 8. Hapa ndipo mabasi husimama, kwa hiyo hakuna anayekuona wa ajabu. Ukipata chaja ya kasi, kishawishi ni kujaza mpaka juu ili ufike Mombasa bila kusimama tena. Usifanye. Kuanzia asilimia 80 Leaf inavuta kwa kusinzia, na ile sehemu ya mwisho inaweza kukuweka muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia. Chaji nusu saa, fika 80, nenda Voi, ongeza dakika kumi, shuka Mombasa ukiwa na akiba. Jumla umeongeza uniti 24.

Ya kurudi inakataa kabla hujaanza. Mombasa hadi Mtito bila kusimama kunataka kama 36, na wewe una 33. Lazima Voi. Unafika Voi, kilomita 150, zimebaki 10. Unachaji hadi asilimia 80. Unafika Mtito, unaongeza tena. Ukiwa Makindu unaongeza mara ya tatu, na hapa unalazimika kupita 80, kwa sababu kipande cha mwisho kina mwinuko wa mita 700 na vilima vyake vya kupanda na kushuka. Makindu angalau pana hekalu la Masingasinga ambalo limelisha wasafiri wa njia hii vizazi kwa vizazi, basi muda huo haupotei bure. Jumla ya ulichoongeza: uniti 43, si 24. Kama chaja tatu zote zipo na zinafanya kazi, ni saa moja na robo ya kusimama.

Kama betri ni baridi, naongeza. Na betri ya Leaf, kurudi kutoka pwani, haiwi baridi. Magari mengi ya umeme ya siku hizi yana maji yanayozunguka kupoza betri. Leaf hii haina, joto linatoka kwa hewa tu, likipenda. Mwaka 2018 wenye Leaf ya 40 huko Ulaya waligundua kwamba chaji ya kwanza ya siku inakwenda vizuri, lakini ya pili na ya tatu kompyuta ya gari inapunguza umeme ili kuikinga betri, ikishuka hadi karibu nusu. Wakaipa hali hiyo jina la kejeli, Rapidgate, na Nissan ikarekebisha programu kwenye magari ya baadaye. Wale walikuwa kwenye baridi ya Ulaya. Sisi tunazungumzia adhuhuri ya Tsavo. Hesabu kwamba Mtito na Makindu utachaji kwa kilowati 20 na ushee, na ile saa moja na robo iwe karibu na saa mbili. Dawa ni kutoka Mombasa alfajiri na kutokimbia, kwa sababu betri hupata joto inapotoa umeme pia. Kwenye dashibodi kuna kipimo cha joto la betri. Kitazame kuliko unavyotazama kipimo cha chaji.

Yote hayo yanadhania kuna chaja ya kasi yenye kichwa kinachoingia. Chaja za namna hiyo zimejazana mijini kuliko barabarani, na vichwa havifanani: Leaf inataka CHAdeMO, magari yaliyotengenezewa soko la China yanataka GB/T, ya Ulaya yanataka CCS2. Piga simu kabla ya kutoka, uulize kichwa, usiulize tu kama "kuna chaja".

Ikiwa hakuna, inabaki soketi ya hoteli. Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na si kwa ajili ya betri. Waya uliokuja na Leaf ya Japani una plagi ya Kijapani, kwa hiyo fundi ameikata akaweka ya pini tatu. Kazi hiyo ikifanywa vibaya inakaa kimya ukichaji simu, inalia ukivuta ampea 12 usiku kucha. Waya uliolegea kwenye skrubu unapata moto, plastiki inaanza kuwa ya kahawia pembeni ya pini. Baada ya nusu saa ya kuchaji shika plagi: uvuguvugu si neno, ikiunguza chomoa. Ekstensheni ikitumika ikunjuliwe yote, maana iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe. Na kama kisanduku kilicho katikati ya waya kinawasha taa nyekundu na kukataa, usikilaumu. Mara nyingi soketi hiyo haina waya wa ethi, na kisanduku kimekugundulia hatari ambayo mwenye hoteli hajui anayo. Jaribu soketi nyingine.

Kwa soketi peke yake, Leaf ya 40 inarudi Nairobi kwa kulala Voi usiku mmoja na kukaa Makindu karibu mchana mzima. Naona hiyo si safari ya kumshauri mtu mwenye watoto. Leaf ya 62, hata ikiwa imechakaa kiasi cha kutoa 52, ni kitu tofauti kabisa: inafika Mtito kutoka Mombasa ikiwa na 16 mkononi, na inahitaji kuongeza uniti 25 tu, akiba ikiwemo, kumaliza. Kituo kimoja badala ya vitatu, au usiku mmoja wa soketi ya kawaida. Anayenunua gari kwa ajili ya mjini asilipie betri kubwa. Anayeenda kwao pwani kila Desemba alipe, na kabla ya kulipa aangalie pia chaja ya ndani ya gari, kwa sababu Leaf nyingi za soko la Japani zina ya kilowati 3 huku ya 6 ikiwa ya kuagiza. Ukiichomeka ya 3 kwenye kifaa cha ukutani cha kilowati 7, itavuta 3.

Kuhusu wanaotaka kuwekeza kwenye chaja, mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, ilitenga bei ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa ambazo matumizi ya umeme yako chini, kabla ya kodi na tozo. Saa hizo nyingi ni za usiku, wakati ambapo vyumba vya Voi vina wageni na maegesho yamejaa magari yasiyofanya kitu. Chaja ya kasi ni ghali na inangoja wateja. Vifaa vinne vya ukutani vya kilowati 7, vyenye ethi ya kweli, haviumizi hoteli. Chaja za kasi zenyewe, zikija, zianzie Voi na Makindu, kila kituo kiwe na angalau vichwa viwili, na pesa za kuongeza ya kumi kwenye maduka makubwa ya Nairobi zisubiri.